Je, nisubiri roboti ya India kutolewa nyongo?

Swali: Habari Daktari. Nina miaka 44, naishi Kasarani. Skani imeonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo, na tangu Januari nimeshikwa na maumivu makali mara nne, usiku, baada ya kula vyakula vya mafuta. Daktari hapa Nairobi anataka kunifanyia laparoskopia, upasuaji wa matundu madogo na kamera. Shemeji yangu anasema hiyo imepitwa na wakati, tufanye harambee niende India nikapasuliwe na roboti kwa kuwa mashine haikosei. Huku nikisubiri, rafiki wa kanisani ameniletea dawa ya kusafisha nyongo, mafuta ya zeituni na ndimu. Nifanyeje? Mama Brian.

Jibu: Mama Brian, fanyiwa laparoskopia hapa hapa, tena mapema.

Neno la shemeji yako, kwamba mashine haikosei, nalisikia kliniki karibu kila wiki, na hakuna linalonikera kama hilo. Roboti hiyo haipasui mtu. Haijui ini ni lipi wala nyongo ni ipi. Ni mikono ya chuma iliyosimama juu ya mgonjwa. Daktari ameketi hatua chache pembeni, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio, na kila anachofanya kwa vidole ndicho mikono ile inachofanya tumboni. Akiviachilia, inatulia. Tarehe 7 Septemba 2001, daktari Jacques Marescaux aliketi New York akamtoa nyongo mama aliyelala mezani Strasbourg, Ufaransa, ng'ambo ya bahari. Watu husimulia kisa hicho kana kwamba mashine ilijiendesha. Aliyepasua ni Marescaux, na uzoefu wake wa miaka ndio uliomlinda yule mama. Daktari akiuelekeza mkasi kwenye mrija usiofaa kukatwa, roboti itaukata.

Sisemi roboti haina faida. Vyombo vya laparoskopia ni virefu na vimenyooka, vinapita kwenye tundu dogo, hivyo ukisukuma mkono kulia ncha yake inakwenda kushoto. Ni kama kuangua embe kwa upembo ukiwa nyuma ya ukuta, ukitazama kwenye televisheni. Vya roboti vina kifundo kinachopinda kama cha mkono, picha yake ina kina, na mtetemo wa vidole unachujwa. Mahali pembamba, chini kabisa ya nyonga, kama kwenye tezi dume, ambako lazima ushone ndani ya shimo, daktari aliyeizoea hufurahia sana kuwa nayo. Lakini pia ina upungufu: mitambo mingi iliyopo haimrudishii daktari hisia ya kugusa, kwa hiyo anaukadiria mvuto wa uzi kwa macho tu. Na gharama yake haiishii kwenye kununua mtambo. Vyombo vyake vingi vina idadi ya matumizi iliyopangwa. Ikitimia, mtambo unavikataa, na kipya kinaingia kwenye bili ya mgonjwa.

Sasa tuje kwenye nyongo yako. Kazi hii haihitaji kushona kwenye shimo refu. Laparoskopia imekuwa ikiifanya tangu Mjerumani Erich Mühe alipoijaribu mwaka 1985, na wenzake wakambeza. Tunatoboa matundu madogo, kwa kawaida manne, ya milimita 5 hadi 12, tunajaza hewa ya kabonidayoksaidi tumboni, na wagonjwa wengi hulala hospitali usiku mmoja tu. Kwa roboti pia utakuwa na matundu, hewa ile ile, nusu kaputi ile ile. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 1 wa bima ya wazee nchini Marekani. Majeraha ya mrija wa nyongo yaliyohitaji kurekebishwa kwa upasuaji yalikuwa asilimia 0.7 kwa waliofanyiwa kwa roboti, na asilimia 0.2 kwa waliofanyiwa laparoskopia. Mwonyeshe shemeji hilo.

Jeraha hilo ndilo tunaloliogopa kuliko yote. Mrija mdogo wa kifuko unaungana na mrija mkuu unaotoka kwenye ini. Uvimbe ukiwa mwingi, hiyo miwili inafanana, na daktari mwenye haraka anakata mkuu akidhani ni mdogo. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kurudi mezani zaidi ya mara moja. Kinga yake ni subira: unaondoa taratibu mafuta na utando unaoifunika mirija mpaka uone vitu viwili pekee vinavyoingia kwenye kifuko, mrija wake na mshipa wake wa damu, ndipo ukate. Usipoviona, unaacha, unamwita mwenzako, au unafungua tumbo. Kufungua tumbo hapo ni uamuzi wa daktari mwenye akili timamu, ingawa jamaa huko nje huambiana kwamba mambo yameharibika.

Kwa hiyo muulize daktari wako maswali yanayokuhusu. Ametoa nyongo ngapi kwa njia hii? Mara ngapi amelazimika kufungua tumbo, na kwa nini? Nikipata tatizo usiku wa manane, nani atapokea simu? Leseni yake itazame kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, iliyo mtandaoni. Daktari anayekasirikia maswali haya, mwache.

Na hiyo chupa ya rafiki yako. Atakayeinywa kweli ataona vijiwe vya kijani chooni, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilieleza mgonjwa aliyeleta vijiwe vya aina hiyo hospitalini. Vilipopimwa havikuwa na kolesteroli wala kalisi, vitu vinavyopatikana kwenye mawe halisi ya nyongo; asilimia 75 ilikuwa asidi za mafuta, na vilipopashwa hadi nyuzi 40 viliyeyuka vikawa mafuta ya kijani. Ni sabuni iliyotengenezwa tumboni na mafuta yenyewe na ndimu. Mawe yake halisi yalikuwa bado yamekaa kwenye kifuko, na mwishowe alitolewa kwa laparoskopia.

Wanaouza chupa hizi mjini, wakizipiga picha na kuzisambaza WhatsApp, hawakai na mgonjwa usiku jiwe linapotoka kwenye kifuko na kuziba mrija mkuu. Mimi nimekaa naye. Mama mmoja alisafisha nyongo hivyo miezi mitano, kila mara akinitumia picha za vijiwe kwa furaha, halafu akaletwa kongosho likiwa limevimba, na tukakaa naye wiki tatu hospitalini. Pesa alizookoa kwa kutopasuliwa ziliisha siku za kwanza. Anayekuuzia njia ya mkato ya mawe, ya fibroidi au ya tezi dume, mwombe skani ya kabla na ya baada ya mgonjwa yule yule. Mimi sijawahi kuonyeshwa hata moja.

Mama Brian, macho yako yakiwa ya manjano, mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, ukipata homa na kutetemeka, au maumivu yakidumu kwa zaidi ya muda wa saa sita bila kutulia, nenda hospitali usiku huo huo, iwe harambee imefanyika au la.