Jibu: Wapi pa kutembea msituni na mamangu bila kutoka Nairobi?

Dada, mpeleke mum msitu wa Karura, usifikirie mara mbili. Pandeni matatu za 106 au 107 za kwenda Ruaka, mshuke geti ya Limuru Road, alafu mfuate njia ya maporomoko pole pole, chini ya miti ni baridi hata saa sita na kila makutano yana kibao cha namba so hamtapotea. Sasa pale kwa maporomoko kuna ngazi za kushuka na zikinyeshewa zinateleza sana, mshike mkono, mimi nilishuka na shosho wangu tukachukua karibu nusu saa lakini alipoona yale maji akanyamaza kabisa, akakaa tu. Karibu na hapo kuna mapango ya Mau Mau, kama mamako ni mtu wa stori atakuwa nazo. Beba maji kwa chupa ya kutumia tena, zile za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa misitu iliyolindwa tangu Juni 2020. Na mwambie Wangari Maathai alipigwa hapo 1999 akiutetea huo msitu usigawanywe, mimi hiyo hunigusa kila nikiingia. Kama magoti yanamsumbua, achaneni na ngazi, mwende Lily Lake, humo humo Karura, mkae hapo.