Mkipinga ubaguzi wa rangi katika taasisi, ilengeni kanuni

Taasisi inaweza kubagua bila kuwa na hata mtu mmoja anayetukana. Ubaguzi hukaa kwenye kigezo cha kupandishwa cheo, au kwenye mazoea ya kuajiri ndugu wa wafanyakazi waliopo. Maandamano yakimlenga meneja mmoja, meneja atahamishwa na utaratibu utabaki palepale.

Kwa hiyo ushahidi kwanza. Mwaka 1963 mjini Bristol, Uingereza, ilijulikana wazi kwamba kampuni ya mabasi haiajiri watu weusi kuendesha wala kukata tiketi. Mwanaharakati Paul Stephenson aliona haitoshi kujua. Alihakikisha nafasi ipo, akamwombea usaili Guy Bailey, kijana mwenye sifa zinazotakiwa. Kampuni ilipofahamu kwamba Bailey anatoka Karibiani, usaili ukafutwa. Zingatieni mpangilio huo: nafasi ithibitishwe kwanza, kisha sifa, rangi ijulikane mwisho. Mkianza na rangi, mtaambiwa nafasi zimejaa na hamtakuwa na la kujibu.

Ombeni takwimu kwa maandishi, tena za kila hatua: walioomba, walioitwa kwenye usaili, walioajiriwa, waliopanda cheo. Msikubali jumla ya wafanyakazi wote, maana huficha mengi. Wafagiaji weusi hamsini hawafuti ukweli kwamba hakuna msimamizi mweusi hata mmoja. Hatua ambayo idadi inaporomoka ndiyo ya kuibana. Matukio nayo yaandikwe siku hiyohiyo: saa, mahali, mashahidi, maneno yenyewe yaliyosemwa. Na tafadhali, shahidi ambaye bado ameajiriwa hapo asifanywe msemaji. Atafukuzwa kwa kisingizio kingine, na wenzake watanyamaza.

Dai liwe moja, linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana, na lipelekwe kwa mwenye mamlaka ya kulitekeleza.

Mkiamua kususia huduma, pangeni mbadala kabla ya siku ya kwanza. Huko Montgomery, Marekani, watu weusi waliweza kususia mabasi kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955, kwa sababu magari binafsi yalipangiwa vituo vya kuwachukua na kuwashusha. Wakati huohuo kesi iliendelea mahakamani, na hukumu ndiyo iliyoifuta sheria yenyewe ya kutenganisha abiria kwa rangi.

Bristol nako mabasi yalisusiwa, na kampuni ilisalimu amri tarehe 28 Agosti 1963, na mwezi uliofuata kondakta wa kwanza asiye mzungu, Raghbir Singh, akaanza kazi. Nanyi mkiahidiwa mabadiliko, daini tarehe ya utekelezaji iandikwe kwenye makubaliano, kisha baada ya miezi mitatu ombeni upya takwimu zilezile mlizoanza nazo.