Kijana wa Malindi, kabla ya kamera nunua maiki

Kuna dogo wa Malindi ameuliza hapa, kamaliza diploma ya uandishi wa habari, hataki kukaa studio kusoma taarifa ya saa moja, anataka kutengeneza makala ndefu za TV, sasa anauliza anunue kamera gani na kama hii kazi inalisha mtu. Wengi mmemjibu habari ya kamera. Mie niko kwenye hii kazi tangu 2007, mzaliwa wa Lamu, Langoni, na jibu langu ni maiki.

Nilianza kubeba tripodi. Walikuja wageni kurikodi, na Lamu tangu iingie kwenye orodha ya UNESCO 2001 hao hawakomi, na wote wanataka vitu vitatu tu, punda, mlango wa kuchonga na jahazi jua likizama, mpaka punda wetu nafikiri washajua kupozi. Basi siku ya pili mtu wao wa sauti tumbo likamkamata, wakanivalisha mie hedfoni, twende Matondoni kwa mafundi wa mashua. Fundi alikuwa anakalafati, anasukumiza pamba yenye mafuta kwenye mwanya wa mbao, patasi mkono huu nyundo mkono huu. Nilikuwa nimepita pale tangu utoto na sijawahi kuisikia ile kazi. Kwenye hedfoni inapiga mbili mbili, nzito, tok-tok, tok-tok, halafu mwanya ukishashiba mlio unageuka unakuwa mkavu, na fundi anasogea mbele bila hata kuangalia. Anajua kwa sikio. Hapo ndipo nilipoingia kwenye hii kazi, si kwa kamera.

Kila mtu hapa Kenya akizungumzia makala atakutajia Mohamed Amin, na ni haki yake, ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia 1984 dunia nzima ikashtuka, akapoteza mkono Addis Ababa 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akatengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini, mpaka akafa 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia Komoro. Sawa. Sasa mwulize huyo anayemtaja Amin, mtu wa sauti aliyekuwa naye siku ya mlipuko aliitwa nani. Aliitwa John Mathai, na yeye hakurudi, alifia palepale. Hilo jina wengi hawalijui na ndivyo watu wa sauti tulivyo bwana, tunakumbukwa siku sauti ikiharibika.

Na huku pwani inaharibika kweli. Upepo wa kaskazi ukipiga maiki pale Shela utadhani mtu anapasua karatasi, kusi ndio usiseme, maiki bila manyoya yake, kile kifuniko cha kukinga upepo, usitoke nayo nyumbani. Mie nilipoteza intavyuu nzima ya nahodha mmoja, dakika 40, kwa sababu nilimweka upande wa pepo ili nyuma yake ionekane bahari. Picha nzuri ajabu. Haina kazi hata leo.

Kitu kingine hawakufundishi darasani ni kungoja. Makala yangu ya kwanza ya kulipwa vizuri ilikuwa Faza, kisiwani Pate, tukapita mlangobahari wa Mkanda maji yanatoka, boti ikakaa kwenye tope, timu nzima tumekaa saa tano tunakula mahamri ya jana tukisubiri maji yajae, na prodyuza wa Nairobi anapiga simu anauliza kwani hakuna njia nyingine. Jifunze bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, kabla ya kujifunza kupanga bajeti, maana bajeti yenyewe itakaa juu ya hayo maji.

Pesa. Nitasema ukweli, makala peke yake hazijawahi kunilisha mwaka mzima. Kuna stesheni moja ilikaa na ankara yangu miezi saba, nikawa nakwenda ofisini kwao kama mdai wa duka. Kilichonishikilia ni harusi. Na hapo kama kuna dada anasoma hii asikie vizuri, harusi zetu upande wa wanawake mwanamume haingii na kamera, kwa hiyo mie na ujuzi wangu wote nakaa barazani na dada yangu ndiye anayeingia kurikodi na ndiye anayelipwa. Anapata kazi kunishinda. Na hadithi anazosikia humo ndani, mie nitaomba ruhusa mwaka mzima nisizipate.

Lakini kilichonifanya niandike ni jambo la bandari ya Lamu. Mara ya kwanza kuwarikodi wavuvi ilikuwa 2012, LAPSSET, ule mradi mkubwa wenye hiyo bandari ndani yake, ikizinduliwa, marais wamekuja, wavuvi wanauliza na sisi je. Mara ya pili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi imeamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya kama bilioni 1.76, watu wanakumbatiana. Mara ya tatu 2021, gati la kwanza linafunguliwa, na fidia bado inangojwa. Mzee mmoja ambaye nilimrikodi zote tatu akanitazama navyombana maiki kifuani, akasema, "Mwanangu, mumekuya mara tatu. Hiyo sauti yangu mwaipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Na kweli hakuwa ameona hata makala moja, zilirushwa usiku Nairobi, na sisi hatukumrudishia. Nikamuahidi hii ya tatu ataiona.

Ilipotoka ile ya tatu, nilitaka dakika 22, wakanipa kama nane, nikaichukua kwenye laptopu, nikaazima projekta ya madrasa, tukatundika shuka ukutani baada ya isha. Wakaja wengi kuliko nilivyotarajia, watoto mbele, wazee kwenye viti vya plastiki, wamama nyuma wamekaa na buibui zao wananong'ona kila anapotokea mtu wanayemjua. Ndani yake kulikuwa na kipande cha Matondoni, kuonyesha kwamba wavuvi wakikosa kazi hata mashua mpya haziagizwi. Mie najivunia kile kipande. Ikafika picha ya fundi anakalafati, na fundi mwenyewe yuko pale, akacheka kwa nguvu, halafu wenzake wote wakacheka.

Nikauliza kulikoni. Akasema huyo hapo anakalafati lakini mlio ni wa misumari.

Nikarudisha nyuma nikasikiliza. Kweli. Edita Nairobi alichukua sauti ya siku nyingine, ya fundi mwingine anapigilia misumari, akaibandika chini ya picha kwa sababu inasikika kali zaidi. Mimi nilipitisha hiyo kopi ya mwisho nikiwa kwenye basi, na spika ya simu. Mimi, mtu wa sauti! Nchi nzima imeiona na hakuna aliyelalamika, ila watu wa Matondoni wamejua sekunde ya pili tu kwamba huyu hakuwa anasikiliza.

Yule mzee alikaa mpaka mwisho. Hakusema kitu juu ya makala, aliniuliza tu kama naweza kumtilia ile sauti yake ya 2012 kwenye simu, akawasikilizishe wajukuu. Ilinichukua wiki mbili kuitafuta, hadi diski ile ilishaanza kufa.

Kwa hiyo dogo, kamera azima. Nunua hedfoni nzuri na maiki moja yenye manyoya, na diski mbili za kuhifadhi, moja ikae nyumbani kwa mama. Mie mwezi ujao niko Malindi wiki nzima narikodi pale wavuvi wanaposhusha samaki, mtu wangu wa sauti kaenda kuoa. Nitumie ujumbe, alfajiri saa kumi na moja tuko pale, chai juu yangu.