Kabla hujaikwangua tena, jiulize kasoro ya rangi ilijitokeza lini

Rangi ya gari la zamani ikiharibika, wengi hukimbilia msasa, wakakwangua, wakapuliza upya, na kasoro ileile ikarudi. Nimekuwa nikirudishia rangi Peugeot 504 uani kwangu Mombasa kwa miaka, na swali linalonisaidia kuliko yote ni hili: kasoro ilionekana wakati gani? Rangi ilipotua, ilipokuwa ikikauka, au majuma kadhaa baadaye? Vishimo viwili vinaweza kufanana kabisa na vyanzo vyake vikawa mbalimbali.

Vishimo vya mviringo vinavyofunguka sekunde ileile rangi inapogusa bodi, praima (rangi ya kwanza ya chini) ikichungulia katikati, ni mafuta, nta au silikoni. Silikoni ndiyo sugu zaidi. Imo katika dawa nyingi za kung'arishia dashibodi na matairi, na gari lililofanya kazi ya teksi limepakwa dawa hizo miaka na mikaka. Hapa mpangilio wa kazi ni muhimu sana: osha kwa sabuni, pangusa kwa dawa ya kuondoa nta, ndipo upige msasa, kisha pangusa tena. Msasa ukitangulia, unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo na kuitoa inakuwa kazi kubwa. Shika vitambaa viwili, kimoja kibichi kwa dawa, kingine kikavu kikifuata nyuma yake, kwa sababu dawa ikijikaukia yenyewe huyaacha mafuta palepale. Mafuta ya taa usiyatumie, yanaacha utando. Ukitaka uhakika, mwagia maji safi: yakitandaa, bodi iko tayari, yakijikusanya matone, bado.

Vishimo vikiwa vimetawanyika kila mahali, hata kwenye bati jipya, geukia kompresa, mashine inayosukuma hewa ya kupulizia. Elekeza hewa tupu kwenye kioo kisafi kwa muda, kisha kitazame kwa kukilaza kwenye mwanga. Utaona matone ya maji au ya mafuta.

Sasa ukungu mweupe, adui wetu sisi wa pwani. Rangi ya NC (nitroselulosi, inayokauka kwa thina kuyeyuka tu) imetoka iking'aa, dakika chache baadaye inapauka kama imepakwa maziwa. Thina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, ikiwa ya kukauka haraka, inapoyeyuka hupoza uso wa rangi, na hewa yenye unyevu ikigusa uso huo baridi huacha maji ndani ya rangi. Ndiyo maana tatizo huzidi wakati wa masika na alfajiri, na halihusiani na ubora wa kopo la rangi ulilonunua. Badili thina, tumia ya kukauka polepole. Pale palipopauka, subiri hewa ikauke, kisha pulizia thina hiyo kwa wepesi sana. Rangi hulainika na maji hupata njia ya kutoka. Ukungu wa juujuu mara nyingi huondoka kwa kung'arisha tu. Mimi huanza kupuliza asubuhi umande ukishaondoka kabisa, na tangi la kompresa hulimwaga maji kabla ya kila kazi. Kichujio cha kunasa maji nakifunga mbali na kompresa, mpira wa hewa ukiwa mrefu, ili hewa ipoe na maji yajitenge kabla ya kukifikia. Kikiwa karibu, hewa moto hupita na mvuke wake.

Michirizi na ganda la chungwa (uso wa rangi wenye vibonyevibonye kama ganda hilo) sitavikalia sana: ni mkono na mchanganyo. Sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia, na bunduki ya kupulizia iende sambamba na bodi bila kupinda kifundo cha mkono.

Rangi ikijikunja koti (tabaka) ya pili inapotua, thina imeamsha rangi ya zamani iliyo chini. Hilo unaweza kulijua mapema. Chovya pamba kwenye thina, ibandike mahali pasipoonekana kwa dakika chache. Rangi ikilainika au kuvimba, usiifunike kwa thina kali. Iondoe yote, au pulizia praima ya kutenganisha.

Vitundu vidogo kama vya sindano vinavyotokea wakati wa kukauka ni thina iliyonaswa chini ya koti nzito, mara nyingi kwa sababu gari limesukumwa juani mapema. Acha dakika 10 hadi 15 kati ya koti na koti, au muda ulioandikwa kwenye kopo. Na wanaotumia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadena ya kuigandisha, tafadhali sana: hadena hiyo ina isosianati, kemikali inayoweza kukupa pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakizuii chochote. Kama huna barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, puliza NC, au mpelekee mwenye chumba cha kupulizia.

Mwisho huja malengelenge, baada ya mvua za kwanza. Toboa moja. Likiwa na maji na bati chini halina kutu, unyevu au chumvi ilifunikwa na praima, pengine kutoka kwenye maji ya msasa yaliyoachwa yakauke juu ya bodi. Ukikuta kutu, tafuta inakotokea, hasa kwenye vizingiti vya milango na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Kwangua hadi bati jeupe, tibu kutu, anza na praima ya epoksi, na fila (ya kuziba mabonde) uiweke juu yake, maana fila hunyonya maji na kuyapeleka moja kwa moja kwenye bati.