Ngano haina mwenyewe, lakini hilo joka lina mwenyewe

Mkuu mleta mada, simama hapo hapo, usiguse sura ya tatu. Umesema una sura mbili za riwaya ya vijana kwa Kiswahili ya Mulan, yule binti wa ngano ya Kichina aliyejifanya mwanamume akaenda vitani badala ya baba yake, umeangalia ile katuni ya Marekani ya 1998 mara tatu, umesoma muhtasari mmoja mtandaoni, na huna wasiwasi kwa sababu "ngano haina mwenyewe". Kisha umeuliza mambo manne: uanze na tukio gani, kitabu kiwe na kurasa ngapi, majina uyabadilishe au uyaache, na umpelekee mchapishaji yupi. Mimi nimekwama kwenye hayo maneno matatu, "ngano haina mwenyewe". Mkufunzi wa warsha ya uandishi aliniambia hayo hayo, nikayabeba kama yalivyo, na muswada wa maneno 58,000 ukafia mezani kwa mhariri.

Ngano haina mwenyewe, kweli. Lakini kila aliyeisimulia akaongeza kitu, alichoongeza ni chake, na sheria inamtambua. Shairi la Mulan ni la zama za Wei ya Kaskazini, nasaba iliyotawala kaskazini mwa China kati ya 386 na 534, na tunalo leo kwa sababu Guo Maoqian alilihifadhi katika mkusanyo wake wakati wa nasaba ya Song. Hilo chota utakavyo. Sasa ingia humo utafute lile joka dogo la kwenye katuni, linalomsindikiza msichana vitani. Halimo. Nyenje wa bahati hayumo. Kapteni Li Shang hayumo, na mapenzi yake hayamo. Bibi wa kupanga ndoa anayemfukuza Mulan naye hayumo. Wote hao walibuniwa na watu wanaojulikana, walioajiriwa na kampuni, na sheria ya Marekani inaipa kazi ya kampuni miaka 95 tangu itoke. Piga hesabu mwenyewe kuanzia 1998.

Usinijibu kwamba utageuza joka liwe kinyonga na kapteni umwite Jemedari Chen. Kila mtu hukimbilia huko, na ndiko wanakozama. Fanya jaribio hili: msimulie kijana aliyeiona filamu mhusika wako kwa sentensi moja, bila jina. "Mlinzi wa ukoo aliyeshushwa cheo, anatumwa kuliamsha sanamu kubwa la jiwe, analivunja, halafu anamfuata msichana vitani ili ajisafishe." Ataitaja filamu kabla hujamaliza. Ukibadilisha ngozi, mifupa inabaki ya wenyewe.

Kosa hili ni ghali kuliko mengine yote kwa sababu limo kwenye nguzo. Sarufi mbovu mhariri ataisafisha. Sura iliyolegea utaikata. Lakini kama mapenzi na kapteni ndiyo yanayoibeba kambi ya mafunzo, na kambi ndiyo inayobeba siri kufichuka, na siri kufichuka ndiko kunakobeba mwisho, ukimtoa kapteni unabaki na ukurasa wa jina la kitabu na shukrani kwa mama. Hakuna kiraka hapo. Unaanza upya.

Na tafsiri nayo ina mwenyewe, hili mkufunzi yule hakuligusa kabisa. Shairi lina karne nyingi, lakini tafsiri ya Kiingereza iliyotoka miaka ya karibuni ni ya mfasiri. Ukiigeuza Kiswahili mstari kwa mstari umechukua kazi yake. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Soma tafsiri upate tukio, kisha zifunge uandike kwa maneno yako.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na ningekuwa na uwezo ningeibandika juu ya kila uzi wa jukwaa hili: kabla ya sura ya kwanza, masimulizi matatu na jedwali moja.

Chukua karatasi ya A4, ilaze. Piga safu tano. Ya kwanza ni tukio, moja kwa kila mstari: "anafuma", "jina la baba linatokea", "ananunua farasi". Ngano ya kawaida inakupa mistari kati ya 20 na 25. Safu ya pili, ya tatu na ya nne ni masimulizi matatu tofauti, na angalau mawili yawe ya kale. Weka alama pale tukio linapotokea. Safu ya tano uandike "la nani". Lililomo katika yote matatu ni mfupa wa ngano, chukua. Lililomo katika moja la kale, chukua lakini ujue ni la nani na alilitaka kwa nini. Lililomo katika la kisasa peke yake, lipige mstari kwa kalamu nyekundu na usilirudie tena.

Ujizoeze kwanza na kisa unachokijua toka utotoni. Kima na papa, kile kilichomo ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapa mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar. Kima yuko juu ya mkuyu, anamtupia papa matunda, papa anamwalika kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao huacha mioyo mitini. Hicho kisa ni cha Asia. Kimo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za India, ila huko mnyama wa majini ni mamba, mti ni wa jamii ya mzambarau, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Kimo katika Kalila na Dimna, kitabu cha ngano cha Kiarabu cha karne ya 8, huko ni kobe, na mti ni mtini. Korea ni sungura na kasa, mgonjwa ni Mfalme Joka wa baharini, na kinachotakiwa ni ini. Ukiyapanga haya kwenye safu unaona mfupa wenyewe: urafiki kati ya nchi kavu na maji, kiungo cha mwili kinachotakiwa kwa dawa, na uongo wa kwamba kiungo kimeachwa nyumbani. Mengine yote kila pwani imejipikia. Hata punda wa dobi asiye na moyo wala masikio yumo katika Panchatantra na yumo katika Kalila na Dimna. Ukimaliza zoezi hili saa mbili tu, hutarudia kusema ngano haina mwenyewe, utauliza ni ngano ipi na nani aliisimulia.

Sasa turudi kwa Mulan, kwa sababu jedwali halikunyang'anyi kitu, linakupa. Shairi ni fupi, mistari sitini na kitu. Linaanza na sauti ya mtambo wa kufumia mlangoni, kisha sauti ya mtambo inapotea na kinachosikika ni binti kupiga kite. Khan, yaani mtawala, anakusanya askari, hati za kuwaita ni kumi na mbili, na katika kila hati limo jina la baba. Baba hana mtoto wa kiume mkubwa. Binti ananunua farasi soko la mashariki, tandiko soko la magharibi, hatamu soko la kusini, mjeledi mrefu soko la kaskazini. Halafu vita vyenyewe, ile miaka yote, vinamalizwa kwa mistari sita. Sita! Baridi ya kaskazini, mwanga juu ya deraya, majemadari wamekufa, mashujaa wamerudi. Basi.

Hiyo mistari sita ndiyo riwaya yako. Shairi halisemi alioga wapi. Halisemi alifanyaje siku za hedhi kwenye hema la wanaume, wala alizungumza kwa sauti gani, wala mama alisema nini asubuhi ile. Msomaji wa miaka kumi na sita anataka kujua hayo kabla ya kitu kingine chochote, na hapo hakuna kampuni yenye hakimiliki.

Na tazama mdogo wake wa kiume. Mulan anapoondoka, mvulana huyu ni mdogo mno hata hahesabiki kwenye hati za khan. Anaporudi, wazazi wanatoka nje ya mji wakishikana mikono, dada yuko mlangoni anajipamba, na mvulana ananoa kisu kwa ajili ya nguruwe na kondoo. Mstari mmoja tu huo. Mtoto ambaye dada yake alikwenda vitani kwa sababu yeye hakuweza kushika mkuki, sasa ameshika kisu. Kama ningekuwa wewe, sura ya kwanza ingekuwa ya huyo mvulana. Mwisho ni sungura wawili, dume na jike, wanakimbia sambamba chini, nani atawatofautisha? Katuni haina sungura hao. Wako wazi kwa ajili yako.

Jedwali litakuonyesha pia tabaka za katikati. Jina la ukoo Hua linaonekana katika tamthilia ya Xu Wei ya karne ya 16, shairi halina. Katika riwaya ya Chu Renhuo ya karne ya 17 Mulan anajiua kuliko kuwa suria wa khan. Na usimpeleke kwenye Mji Uliokatazwa, kasri la wafalme la Beijing, ulikamilika 1420, karibu miaka 900 baada ya Wei ya Kaskazini kuanguka.

Bado nina hasira na yule mkufunzi, na hata hao wanaobandika orodha za "hadithi za Asia za kuandika bure". Hawajawahi kufungua masimulizi mawili ya kisa kimoja. Ndio wanaokuambia mbweha wa ngano ni yule yule kila mahali, wakati wa Japani anaweza kuwa mtumishi anayeheshimiwa wa Inari, mungu wa mpunga, na wa mikia tisa wa Korea mara nyingi anawinda maini ya watu. Ndio wanaokuambia Aladini alipewa matakwa matatu. Galland, Mfaransa aliyetafsiri Alfu Lela Ulela, alikisikia kisa hicho kwa Hanna Diyab wa Aleppo mwaka 1709, na humo majini ni wawili, wa pete na wa taa, na hakuna hesabu ya matakwa. Ndio wanaokuambia mstari ambao Lakshmana aliuchora ardhini kumkinga shemeji yake Sita, mke wa Rama, ni wa Valmiki, mtunzi wa utenzi wa kale wa Kihindi, Ramayana. Katika Ramayana ya Valmiki haumo, umetoka kwa wasimulizi waliofuata. Na kwa Sita uwe mwangalifu mara mbili, maana kwa majirani zetu Wahindu wa Dar na Mombasa huyo ni wa kuabudiwa, leo hii.

Majina yaache ya Kichina, ila usichanganye matamshi: filamu imesema Fa, Kichina sanifu ni Hua, na ukifuata shairi huhitaji hata moja.

Leo usiku chora hizo safu tano. Weka shairi, weka Xu Wei, weka hiyo katuni yako kwenye safu ya mwisho ya masimulizi. Kisha piga picha uilete hapa tuone sura zako mbili zimebaki na mistari mingapi isiyo na wino mwekundu.