Ipe bia nafasi inukie

Ndugu yangu, umesema ulikunywa Sierra Nevada Pale Ale ya baridi kali, tena kwa chupa, ukaambulia uchungu tu. Bia haina kosa. Baridi huficha harufu, na mdomo wa chupa hauipi pua nafasi. Safari nyingine itoe kwenye friji, isubiri kama dakika 10, kisha imimine kwenye glasi isiyo na mafuta wala sabuni, povu lipande vidole viwili.

Nusa kabla ya kunywa! Bia hii, iliyoanza kutengenezwa Chico, California, mwaka 1980, inategemea hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za aina ya Cascade: tafuta balungi, maua, na msonobari kwa mbali. Ukipiga funda, usimeze haraka. Utangulie utamu wa kimea, kama ganda la mkate, ndipo uchungu ufuate. Mimi huipima hapo: uchungu ukisafisha ulimi ukatamani funda jingine, ni nzuri, ukikwangua koo, kuna tatizo. Ikinukia karatasi iliyolowa, imezeeka, kwa hiyo angalia tarehe ya kufungashwa kabla ya kununua. Mashapo ya chini ni hamira, hayadhuru.