Winchi ya Zamani: Ifungue Kabla Hujaiamini

Nilikuwa nimeshaachia kitufe, lakini winchi iliendelea kuvuta.

Gari lilikuwa limetoka topeni. Waya wa winchi, unaojikunja kwenye dramu iliyo mbele ya gari, ulikuwa umefungwa kwenye shina la mti mbele yangu, na mimi nimesimama pembeni nimeshika rimoti. Nikaichomoa rimoti kabisa kwenye soketi yake, mota ikaendelea kunguruma vilevile, gari likizidi kujivuta kuelekea mti. Nikakimbilia boneti, nikakumbuka spana namba 10 iko kwenye boksi nyuma ya kiti, nikarudi kuitafuta. Mpaka nimelegeza nati ya terminali hasi ya betri, ndoano ilikuwa imeshafika kwenye roli za kuongozea waya na imekunja moja kama pipa lililokanyagwa. Hakuna aliyeumia. Ningekuwa na mtu kati ya gari na mti, nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Jioni nilifungua solenoidi, ile swichi kubwa ya umeme inayowasha mota. Ndani yake mna sahani ya shaba inayogusa vichwa viwili vya shaba ili kupitisha umeme. Sahani ile ilikuwa imeganda kwenye vichwa vyake, imejichomelea kwa cheche, na nyundo ndogo ndiyo iliyoiachanisha. Winchi yenyewe, yaani chuma na gia zake, ilikuwa nzima kabisa. Kilichotaka kuniua ni kipande cha shaba kisichozidi ukubwa wa sarafu, kilichokuwa kinaungua taratibu kwa miaka mingi bila mtu kukifungua na kukitazama.

Tangu siku hiyo nimezifufua winchi kadhaa za umeme za zamani. Bado nazipenda kuliko nyingi za kisasa, na ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: usiulize kama inafanya kazi. Ifungue. Winchi iliyotelekezwa huwa mbovu kwenye umeme wake, au kwenye oili yake, kabla haijawa mbovu kwenye chuma. Na vitu hivyo viwili vinatengenezeka kwenye meza ya kawaida.

Kwanza ijue unayoishika ni ya ukoo gani. Zipo za gia ya parafujo: mhimili wenye meno ya mzunguko kama skrubu unazungusha gurudumu la bronzi. Ramsey wa Tulsa, Oklahoma walitengeneza nyingi za namna hiyo, na Husky ya Superwinch ni ya ukoo huohuo. Zinakwenda polepole, zinapasha joto, zinakula umeme mwingi kwa kazi ndogo, lakini zina jambo moja zuri sana. Msuguano wa parafujo ni mkubwa kiasi kwamba mzigo hauwezi kuizungusha kinyumenyume, kwa hiyo ukiachia kitufe gari linabaki pale lilipo hata kwenye mteremko mkali. Kisha zipo za gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, zile fupi na nyembamba ambazo leo zimejaa kila mahali, na breki yake mara nyingi imefichwa ndani ya dramu yenyewe. Halafu kuna Warn 8274, ndefu kwenda juu, mota yake imekaa juu ya dramu. Namba hiyo ina maana: pauni 8,000 za kuvuta, na mwaka 1974 ilipotoka. Ina gia za meno ya kawaida, inakunja waya kwa kasi, na breki yake imo kwenye nyumba ya gia, nje ya dramu. Watu wa mashindano bado wanaitafuta, wanaifunga mota mpya zenye nguvu zaidi, na gia zake zinahimili.

Mahali breki ilipo si jambo la kupuuza ukitaka kuweka kamba ya sintetiki, yaani ya nyuzi za plastiki kama Dyneema, badala ya waya wa chuma. Winchi yenye breki ndani ya dramu, ukishusha gari polepole kwenye mteremko, dramu inapata moto, na kamba ya sintetiki haiwezi moto. Inayeyuka tabaka la chini ambako huioni. Kwenye 8274 au kwenye winchi ya parafujo shida hiyo haipo. Ila ukibadilisha, badilisha na roli pia. Waya wa chuma huacha mikwaruzo kwenye roli, na mikwaruzo hiyo inakata kamba ya sintetiki kama wembe.

Sasa mota. Mota za zamani zina koili badala ya sumaku za kudumu, ndiyo maana zinavumilia joto kuliko zile nyepesi za bei rahisi. Nyingi zina vichwa vitatu vya kufungia nyaya, vimeandikwa A, F1 na F2, na hasi inapita kwenye bodi. Hapa ndipo unapoweza kujua ukweli bila kuhangaika na solenoidi wala rimoti. Itoe mota, ibane kwenye jiliwa (vaisi) ili isirukeruke. Unganisha A na F1 kwa waya mnene mfupi, weka hasi ya betri kwenye bodi, kisha gusisha chanya kwenye F2. Mota lazima iruke. Hamisha: A na F2 pamoja, chanya kwenye F1, nayo izunguke upande wa pili. Gusisha sekunde moja au mbili tu, kwa sababu mota ya aina hii isiyo na mzigo huongeza kasi bila kikomo mpaka inajiharibu. Ikizunguka pande zote mbili, tatizo lako liko kwenye solenoidi, nyaya au rimoti. Ikizunguka upande mmoja tu, angalia koili. Isipozunguka kabisa, bado usiitupe.

Fungua kifuniko cha nyuma. Kitu cha kwanza ni harufu. Mota iliyoungua ina harufu kali ya vanishi iliyochomeka, na ukishainusa mara moja hutaisahau. Kama harufu hiyo haipo, una bahati. Utakuta unga mweusi wa kaboni umeganda kila kona, umechanganyika na maji yaliyoingia zamani ukawa tope gumu. Kaboni zenyewe, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha (sehemu ya mota inayozunguka), zinanasa kwenye nyumba zake, hazisukumwi tena na springi, hazigusi amecha. Nimewahi kuuziwa mota kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu "imekufa", kumbe kaboni moja kati ya nne ilikuwa imenasa kwa kutu. Niliitoa kwa koleo, nikasugua nyumba yake kwa msasa laini, nikapitisha msasa huohuo kwenye shaba za amecha mpaka zikang'aa, nikasafisha mifereji kati ya shaba moja na nyingine kwa ncha ya wembe. Mifereji hiyo usiiruke. Unga wa kaboni ukijaa humo, umeme unavuka usikotakiwa kuvuka.

Solenoidi sizitengenezi tena. Zile za zamani, kopo nne zimepangwa ndani ya boksi moja, nazibadilisha zote hata kama tatu ni nzima. Naweka kontakta moja, swichi ya umeme inayofanya kazi ya kopo zote nne, iliyofungwa vizuri isiyoingia maji. Albright wa Uingereza wana jina zuri kwa kazi hii. Hapo sibani matumizi. Na kabla ya kontakta, kwenye waya wa chanya karibu na betri, naweka swichi kuu ya kukatia umeme ambayo mkono unaifikia bila kufungua kitu. Ningekuwa na swichi hiyo siku ile ya mti, roli isingekunjika.

Nyaya nazo. Winchi ya pauni 8,000 ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zake zote inaweza kula zaidi ya amperi 400. Waya wa shaba wa milimita 35 za mraba, urefu wa mita mbili kwenda na mbili kurudi, unapoteza karibu volti 0.8 kwa mkondo huo, na hapo ni waya mpya wenye ncha safi. Waya wa miaka thelathini ulioota kijani ndani ya plastiki unapoteza zaidi, na kinachopotea kinageuka joto. Kama hasi ya winchi yako imefungwa kwenye chasi yenye rangi na kutu, irudishe moja kwa moja kwenye betri. Hilo peke yake limefufua winchi mbili nilizoletewa zikiwa "zimechoka".

Injini iache inanguruma wakati wa kuvuta, lakini usijidanganye kwamba altaneta, yaani jenereta ya injini, ndiyo inayofanya kazi. Altaneta ya amperi 80 ikitoa zote, bado 320 zinatoka kwenye betri. Vuta kwa muda mfupi, pumzika, gusa mota kwa mkono. Ikiwa huwezi kuishika, subiri.

Upande wa gia, mwaga oili kwenye sahani nyeupe uitazame juani. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na sili, ile mipira ya kuzuia oili na maji, zimekwisha. Unga wa kijivu laini ni wa kawaida kwa umri wake. Lakini ukiona chenga za rangi ya dhahabu zinazometa kwenye winchi ya parafujo, gurudumu la bronzi linaliwa. Fungua uone meno. Yakiwa na ncha kali kama msumeno, mimi naiacha winchi hiyo, sawasawa na iliyopasuka nyumba ya gia. Nimeona nyumba ya aluminiamu imechomelewa, na sikuwa tayari kusimama karibu nayo.

Watu wanaogopa spea za kitu cha zamani. Beringi zina namba, na namba hiyo ni ileile dunia nzima: 6205 ni milimita 25 kwa 52 kwa 15, awe ameitengeneza nani. Sili nazo zina vipimo vyake vimechapwa ubavuni, kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Andika kabla hujazitoa, kwa sababu zikitoka mara nyingi zinatoka zimechanika. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nizipende winchi hizi. Zilitengenezwa na watu waliotarajia kwamba siku moja mtu atazifungua.

Waya wa zamani utupe. Usiukague, usiukate kipande kilichoharibika ukabakiza kingine. Hujui umevutia nini wala umekaa na maji muda gani tabaka la ndani. Weka mpya, uufunge kwenye dramu, na ukumbuke kwamba ile skrubu ndogo inayoushika mwisho wake haikuwekwa kubeba mzigo. Mizunguko ndiyo inayobeba, kwa hiyo isipungue mitano kwenye dramu wakati wowote unapovuta. Kamba ya sintetiki inateleza zaidi, bakiza minane au zaidi.

Na hapa kuna kosa ninaloliona kila mara. Namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza tu. Chukua dramu ya milimita 64 na waya wa milimita 8: tabaka la kwanza unapata kilo 3,629, lakini likifika la nne waya umeshasogea mbali na mhimili, na nguvu inashuka mpaka karibu kilo 2,200. Mtu anavuta waya mita tatu tu kwenda kwenye mti wa karibu, winchi inakwama, anasema ni kuukuu. Chagua mti wa mbali, au weka kapi ukunje waya urudi kwenye gari lako. Kasi inapungua nusu, nguvu inakaribia mara mbili, na mota inapumua. Kwa winchi ya zamani mimi hutumia kapi hata pale ambapo ningeweza kuvuta bila kapi.

Ukishaifunga kwenye bampa kwa boliti za daraja la nguvu 8.8 zenye washa, usiipeleke topeni bado. Tafuta mteremko mpole mkavu, toa waya wote ubaki na mizunguko yako mitano, funga kwenye kitu kisichong'oka, tupia koti zito katikati ya waya, watu wote wakae mbali na mstari wake. Mtu mmoja akae kwenye usukani, mguu ukigusa breki kidogo tu, gari lijivute lenyewe kupanda taratibu. Hivyo waya mpya unajikunja kwa kubana, tabaka juu ya tabaka, bila kuzama kati ya mizunguko ya chini. Wewe simama pembeni na sikiliza. Achia kitufe mara tano, sita, kumi, kila mahali ukihakikisha mota inanyamaza papo hapo. Kisha zima kwa swichi kuu wakati inavuta, nayo uone inakata.